Muhula Niliorudishwa Darasa la Tatu

Jumatatu, 6 Mei 1996

Leo shule imefunguliwa na mimi nimeshushwa. Sina neno lingine la kulieleza. Nimefundisha hesabu darasa la saba na la nane kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo tisa shule yetu imekuwa ya kwanza au ya pili katika tarafa mara sita. Wazazi wa hapa Timau wakitaja hesabu hunitaja mimi, Mwalimu Kathambi.

Asubuhi Mwalimu Mkuu, Bwana Mugendi, aliniita ofisini na kunipa kiti. Nikajua kuna jambo, maana huwa hanipi kiti. Akasema Mwalimu Beth wa darasa la tatu amekwenda kujifungua, ofisi ya elimu haina mtu wa kumleta, na mimi ndiye ninayeweza kulishika darasa hilo bila kumsumbua. Darasa la nane analichukua Ndwiga, kijana aliyetoka chuoni juzi juzi.

Nilimuuliza kwa nini asimpeleke Ndwiga huko chini. Akajibu kwamba Ndwiga hana subira na watoto wadogo. Nikamwambia hata mimi sina. Akacheka, akidhani natania.

Daftari hili nimelichukua kwenye kabati la shule. Kila kitakachotokea muhula huu nitakiandika, ili nikiulizwa Agosti niwe na la kusema.

Jumanne, 7 Mei

Watoto arobaini na mmoja. Wengi ni wa kambi za wafanyakazi wa mashamba ya ngano, wengine wa wenye vishamba huku mlimani. Nyumbani wanasema Kimeru, Kikikuyu, Kiturukana, kwa hiyo tunafundisha kwa Kiswahili. Nyuma, karibu na dirisha, anakaa msichana mmoja ambaye magoti yake hayaingii chini ya dawati. Anaitwa Mwendwa. Ana miaka kumi na mitatu na huu ni mwaka wake wa tatu katika darasa la tatu. Bwana Mugendi alishaniambia: asipopita muhula huu, aondoke, nafasi ipewe mwingine.

Alhamisi, 9 Mei

Nimewapa hesabu kumi za kutoa, nyepesi, nijue nimerithi nini. Ya tatu ilikuwa 43 toa 17. Watoto ishirini na tisa wameandika 34.

Nilikuwa nimeshawakosoa wote kwa kalamu nyekundu ndipo nikasita. Watoto ishirini na tisa kukosa hesabu moja ni jambo la kawaida. Lakini wote kukosa kwa jibu moja, na nilikuwa nimewatenganisha wasitazamiane?

Ijumaa, 10 Mei

Mvua kutwa. Juu ya mabati ilikuwa na kelele hivi kwamba mimi na watoto tulitazamana tu.

Jumanne, 14 Mei

Leo wakati wa mapumziko nilimwita Mwendwa na daftari lake. Nikamwonyesha ile 34. Kabla sijasema neno akanyoosha mkono, kiganja juu, akageuza uso upande. Alikuwa anangojea kiboko. Nikamwambia aushushe mkono, nataka tu kujua amelipataje jibu hilo.

Nadhani alifikiri ni mtego. Mwishowe akasema polepole kwamba saba ni kubwa kuliko tatu, kwa hiyo tatu ndiyo inatoka kwa saba, inabaki nne. Moja inatoka kwa nne, inabaki tatu. Thelathini na nne.

"Nani alikufundisha kwamba tatu ndiyo inatoka?"

"Darasa la pili, Mwalimu. Walituambia kubwa haiwezi kutoka kwa ndogo."

Na ni kweli waliambiwa hivyo. Hata mimi ningewaambia hivyo. Mtoto wa darasa la pili huambiwa neno hilo ili asihangaike, halafu akifika la tatu anatakiwa alisahau, na hakuna anayemwambia kwamba wakati wa kulisahau umefika.

Nikamwambia aandike mia moja na tano. Akaandika 1005. Nikatazama namba ile muda mrefu. Alikuwa ameandika kile nilichotamka, neno kwa neno: mia moja, kisha tano.

Alinieleza pia kwamba darasa la pili alilisoma katika shule tatu. Baba yake ni dereva wa trekta, na kila shamba likimaliza kazi naye walihama. Hakulimaliza hata katika moja.

Jumatano, 15 Mei

Nimefungua karatasi za zamani za darasa la nane nilizoweka nyumbani. Katika 503 toa 268, kuna jibu la 365 karibu kila mwaka. Ni kosa lile lile la Mwendwa, ila limevaa sare kubwa. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu: uzembe.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwenda kukaa darasa la kwanza.

Mwalimu Igoki amefundisha darasa hilo tangu mwaka wa sabini na moja. Hakusoma chuo cha ualimu. Katika ofisi ya walimu tumezoea kusema kwamba yeye huchezesha watoto hadi saa sita, na mimi nimelisema hilo pia, akiwepo. Kwa miaka tisa sijawahi kuzungumza naye habari za hesabu.

Nilimwomba ruhusa nikae nyuma. Hakuuliza sababu. Alikuwa na lundo la mabua ya ngano ya mwaka jana, yamekatwa urefu wa kidole. Kila mtoto alihesabu mabua kumi, akayafunga kwa uzi wa katani, na alipoyafunga aliambiwa asiseme tena kumi, aseme fungu moja. Mtoto mmoja alikuwa na mabua kumi na matatu. Igoki akamuuliza ana nini. "Fungu moja na mabua matatu," akasema. Akamwambia aiandike. Akaandika 13. Darasa la kwanza, muhula wa pili.

Baadaye nilimuuliza mabua haya yanafika darasa gani. Akasema yanafia mlangoni pake. Zamani aliyapeleka la pili na la tatu, lakini mwalimu mkuu aliyemtangulia Mugendi alisema ni takataka, wageni wakija wataona shule ni zizi.

"Wanapotoka kwangu wanajua kumi ni fungu," akasema. "Wakifika kwako kumi imekuwa ni moja na duara. Sasa utafungua duara namna gani, Kathambi?"

Nikamwomba gunia la mabua.

Jumatatu, 20 Mei

43 ni mafungu manne na mabua matatu. Ondoa mabua saba. Mtoto wa mbele alitazama mabua yake matatu, akatazama mafungu, akanitazama mimi. Akafungua fungu moja. Hakuna aliyemfundisha. Darasa zima likaanza kufungua, na sakafu ikajaa nyuzi.

Saa tano, Bwana Mugendi alipita dirishani, akaona sakafu, akaendelea na safari yake.

Jumatano, 22 Mei

26. Watoto thelathini na sita wamepata 26. Mwendwa ni mmoja wao.

Jumanne, 28 Mei

Baridi imeanza. Ukungu hadi saa nne. Tumefunga mafungu kumi pamoja tukapata mia, na Mwendwa akaandika mia moja na tano. Alipofika mahali pa makumi akasimama, akauliza: "Hapa hakuna fungu lolote, sasa naweka nini?" Nikamrudishia swali. Akaweka sufuri mwenyewe.

Jumamosi, 1 Juni

Nimekutana na Ednah sokoni.

Nilikuwa nachagua viazi nikasikia mtu anasema, "Hunikumbuki, Mwalimu? Ednah wa tisini na mbili." Nilimkumbuka mara moja. Ndiye niliyemhamishia dawati la nyuma akiwa la saba, nikamwacha huko miaka miwili. Sasa anafanya kazi shamba la maua. Ana mtoto mgongoni.

Sijui kwa nini nilimuuliza pale pale, kati ya viazi na vitunguu. Nilimuuliza kama anakumbuka alivyokuwa akifanya hesabu za kutoa. Akacheka kidogo, akasema anakumbuka fimbo. Kisha akaacha kucheka.

"Mimi nilikuwa najua nakosea, Mwalimu. Nilikuwa sijui ni wapi. Ukinichapa, nilikuwa najua tu ni hesabu ya ngapi."

Nikamwambia anisamehe. Watu walikuwa wanapita wakitusukuma, na nafikiri aliona aibu kwa ajili yangu. Akasema hayo yamepita, na kwamba kazini wanafunga maua ishirini ishirini na hapo ndipo makumi yalimwingia kichwani, akiwa na miaka kumi na minane. Akanichagulia viazi vizuri, akaniaga kwa mikono miwili kama mwanafunzi.

Nimerudi nyumbani nikavimenya vyote kwa mara moja, kwa kukosa la kufanya.

Jumatatu, 3 Juni

Sikubeba kiboko darasani. Nimekiacha kabatini.

Ijumaa, 7 Juni

Kuzidisha. Nilikuwa nimezoea watoto waimbe jedwali kama wimbo wa kanisa. Leo tumepanga mabua juu ya dawati, safu sita, kila safu saba, kisha tukalizungusha dawati: safu saba, kila safu sita. Mtoto mmoja alilia kwamba nimewadanganya, jedwali la sita na la saba lina hesabu ile ile na wao wameimba mara mbili bure. Nikamwambia ni kweli, na kuna nyingine nyingi za namna hiyo, azitafute. Hadi kengele ya kwenda nyumbani walikuwa wamepata kumi na tano.

Jumatano, 12 Juni

Sakitu juu ya nyasi asubuhi, nyeupe kama chumvi. Watoto kumi na sita hawakuja. Ndwiga anawachapa darasa la nane. Ukuta ni wa mbao, tunasikia.

Jumatatu, 17 Juni

Mwendwa sasa anabaki nusu saa baada ya masomo. Darasa la tatu amelimaliza kichwani. Nilimpa kitabu cha la nne, kugawanya kwa namba ya tarakimu moja. Alitaka kwanza kugawa mabua mia moja na nne kwa watu wanane, kwa mkono, ndipo akaandika. Alipoona hesabu ya karatasi inafuata njia ile ile ya mikono yake, alikaa akiigusa kwa kidole kuanzia juu hadi chini. Kisha akaniuliza kama hivi ndivyo ilivyokuwa siku zote.

Nikasema ndiyo.

"Na wengine walikuwa wanajua?"

Nikasema baadhi yao.

Alhamisi, 20 Juni

Mkutano wa walimu. Kuhusu choo.

Jumatano, 26 Juni

Saa kumi Ndwiga aliingia darasani kwangu, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa na karatasi za darasa la nane chini ya koti. "Mwalimu Kathambi," akasema, "hawa watoto wananishinda."

Kwa wiki saba nimetamani kusikia maneno hayo. Nilipoyasikia nilimwona tu kijana aliyechoka, viatu vimejaa matope, na chaki kwenye nywele. Nikamwambia akae. Akakaa kwenye kidawati, magoti kifuani.

Tulizitandaza karatasi thelathini na nane. Hatukuhesabu alama. Tulitazama kila kosa na kujiuliza lilizaliwa darasa gani. Kutoa ndogo kwa kubwa, tukaweka lundo la darasa la pili. Sufuri iliyopotea katikati, la tatu. Saba mara nane hamsini na nne, la tatu pia. Kugawanya kulikosahau baki, la nne. Nusu jumlisha thuluthi ikawa mbili ya tano, yaani mtoto amejumlisha juu na chini kama namba mbili zisizojuana, la tano. Desimali zilizopangwa kwa mkia badala ya nukta, la sita. Mwishowe tukatazama karatasi ambazo makosa yake yalikuwa ya darasa la nane hasa. Zilikuwa sita.

Ndwiga akayatazama malundo. "Sasa wewe ulikuwa unafanyaje hadi wakapita?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kwamba niliwakaririsha mitihani ya miaka iliyopita hadi wakaijua kwa moyo, na wale wasioweza kukariri tuliwarudisha la saba au tukawashauri wazazi wawatoe kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa mwisho. Ile nafasi ya kwanza katika tarafa ilitokana na hayo pia.

Tulikusanya karatasi, tukatoka, kila mtu na njia yake. Nilikuwa namwona kijana huyu kama mwizi aliyenichukulia darasa. Mimi ndiye niliyemwachia nyumba yenye nyufa nilizozipaka chokaa mwenyewe.

Ijumaa, 28 Juni

Mvua ya mawe. Ngano ya chini ya barabara imelala.

Ijumaa, 12 Julai

Matokeo ya mtihani wa majaribio wa darasa la nane yamekuja. Wastani wa hesabu arobaini na moja. Mwaka jana ulikuwa hamsini na nane. Bwana Mugendi ameyabandika mlangoni kwake, kisha akaniita. Kiti tena.

Anataka nirudi darasa la nane Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili. Ndwiga atashuka la tatu. Wazazi wamelalamika, akasema, na wametaja jina langu. Kusema kweli nilifurahi. Nilitembea kurudi darasani nikiwa nimenyoosha mgongo. Halafu nikafungua mlango, na watoto arobaini na mmoja walikuwa wanagombana kwa sauti ya chini kuhusu mia tano toa moja, kwamba inahitaji kufungua mafungu mangapi.

Nimemwomba Bwana Mugendi siku chache za kufikiri. Ameshangaa.

Jumatatu, 15 Julai

Mwendwa hakuja.

Jumanne, 16 Julai

Hakuja.

Jumatano, 17 Julai

Hakuja. Mtoto wa jirani yake amesema anakwenda Nanyuki Jumapili kwa mama mmoja, kulea mtoto.

Alhamisi, 18 Julai

Baada ya masomo nilikwenda kambini. Ni mwendo wa saa nzima kwa miguu kupitia shamba la ngano, na ukungu ulikuwa umeshuka hivi kwamba nilifuata alama za matairi ya trekta. Vyumba vya kambi ni vya mabati, vimepangwa mistari minne. Mwendwa alikuwa nje anafua. Aliponiona alisimama, mikono ikidondosha maji, akaingia ndani kumwita mama yake.

Mama Mwendwa hufunga mboga katika shamba la mishiri, yale maharagwe mabichi yanayosafirishwa ng'ambo. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kazini, bado na kitambaa cheupe kichwani. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda na chai, na hakunificha kitu. Alisema mumewe ameitwa kulima mbali, Narok, na hajui atarudi lini. Huyo mama wa Nanyuki ni mtu wa kanisa, si mtu mbaya.

"Mimi sikatai shule, Mwalimu. Lakini huyu amekaa hapo kwa la tatu miaka mitatu. Anaenda na watoto wadogo, anarudi na watoto wadogo. Wanawake wa hapa wananiuliza kama ana ugonjwa wa kichwa. Nitawajibu nini?"

Ningeweza kumweleza habari za mabua na makumi hadi jua lizame. Nikamuuliza badala yake kuhusu kazi yake. Jumamosi walifunga trei ngapi? Akasema kikundi chake kilifunga mia moja hamsini na sita. Na kila katoni inaingia ngapi? Kumi na mbili. Nikamwambia asiseme zilikuwa katoni ngapi. Nikamwita Mwendwa.

Mwendwa alichukua kijiti, akachuchumaa kwenye udongo wenye unyevu karibu na karai la nguo. Kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili ni kazi ya darasa la tano. Tulikuwa tumeigusa mara mbili tu kabla hajaacha kuja, na mara zote mbili alikwama. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Aliandika 156, akachora mstari, akaandika 12 pembeni. Akanong'ona kwamba kumi na mbili inaingia katika kumi na tano mara moja, inabaki tatu. Akateremsha sita. Hapo akasimama. Nikaona midomo yake ikihesabu: kumi na mbili, ishirini na nne, thelathini na sita. Akaandika 3.

"Kumi na tatu, Mama."

Mama yake alikuwa anatazama udongo. "Nani amekuambia?"

"Hakuna."

"Jana si nilikuwa nazungumza na Mama Njura habari za katoni hizo, labda ulisikia." Akafikiri kidogo. "Na kama ingekuwa mia moja na sitini?"

Mwendwa hakuandika tena. "Bado kumi na tatu. Na trei nne zinabaki nje."

Mama Mwendwa akakaa kwenye ukingo wa ngazi. Alikivua kitambaa kichwani, akakikunja vizuri, mara mbili, mara nne. Akasema zile zinazobaki ndizo humtatiza kila jioni, msimamizi akiuliza ni ngapi, na yeye hulazimika kuzihesabu upya kwa mkono huku wenzake wamekwisha kwenda. Kisha akamwambia Mwendwa amalize kufua, kesho aamke mapema.

Nilipofika barabarani ndipo niliposikia baridi.

Ijumaa, 19 Julai

Mwendwa amekuja. Viatu vimelowa hadi kwenye kifundo.

Jumatatu, 22 Julai

Nimempa Bwana Mugendi jibu langu nikiwa nimesimama. Nimemwambia kwamba sitaki kurudi darasa la nane. Nataka kubaki na darasa hili la tatu, nikae nalo mwakani likiwa la nne, na la tano, na kuendelea, hadi wafanye mtihani wa mwisho mwaka wa elfu mbili na moja. Nataka mabua yaruhusiwe hadi la nne, na Mwalimu Igoki awaonyeshe walimu wote wa madarasa ya chini kazi yake. Nitamsaidia Ndwiga na darasa la nane kila asubuhi kabla ya kengele, dakika arobaini.

Akaniuliza kama najua wazazi watasema nini. Nikamwambia najua, na nitawaambia mimi mwenyewe.

"Na tukishuka tarafa nzima ikituona?"

Nikamweleza malundo ya Ndwiga, moja baada ya jingine, na lundo la mwisho lenye karatasi sita. Bwana Mugendi alikuwa mwalimu wa historia. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya lugha ngeni, lakini alisikiliza. Mwishowe akasema atanipa muhula mmoja, na kwamba ile sakafu ifagiliwe.

Jumanne, 23 Julai

Saa moja kasoro asubuhi, darasa la nane. Nilimwaga mabua juu ya meza na wakacheka. Wavulana wenye ndevu zinazoanza wakaitana watoto wa nasari. Nikaandika 503 toa 268. Nikawaacha wacheke hadi wachoke. Kisha nikamwomba mmoja wao achukue mafungu matano ya mia na mabua matatu, aondoe mabua manane. Alifungua mia ikawa makumi, akafungua kumi ikawa mabua, na katikati ya kazi kicheko kikaisha. Msichana wa dirishani akasema taratibu, kana kwamba anajiambia mwenyewe: kumbe sufuri inakuwa tisa kwa sababu moja imeshuka chini. Amekuwa akiiandika tisa hiyo kwa miaka mitano.

Ndwiga alikaa nyuma akiandika.

Ijumaa, 26 Julai

Igoki amewaonyesha walimu kazi yake. Alivaa koti lake la Jumapili. Walimu wawili wa madarasa ya juu walikuja wakiwa na nyuso za kuvumilia, na mmoja akabaki kumuuliza maswali hadi chai ikapoa. Nilisimama mbele yao wote nikamwomba Igoki radhi kwa yale niliyokuwa nikisema juu yake. Akasema alikuwa akisikia.

Jumatano, 31 Julai

Mitihani. Mwendwa nimempa wa darasa la tatu, na alipoumaliza mapema nikampa na wa la nne.

Alhamisi, 1 Agosti

La tatu, alama arobaini na saba katika hamsini. La nne, thelathini na mbili. Nimezisahihisha mara mbili, kisha nikampa Ndwiga azisahihishe bila jina.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Bwana Mugendi na pendekezo: Septemba msichana huyu aingie darasa la tano. Ameshapoteza miaka, arudishiwe. Bwana Mugendi alizitazama karatasi zote mbili, akasema sawa. Nimelala mchana kidogo, jambo ambalo sijafanya tangu Mei.

Ijumaa, 2 Agosti

Shule imefungwa. Jua limetoka, mlima umeonekana wote, na ngano iliyosalimika mvua ya mawe imegeuka rangi.

Baada ya gwaride Bwana Mugendi alimwita Mwendwa ofisini, pamoja na mama yake aliyeomba ruhusa kazini, na mimi. Akamwambia habari ya darasa la tano kwa sauti ya kutoa zawadi. Mama Mwendwa akashika mdomo. Mwendwa akatazama karatasi ya la nne juu ya meza, ile ya thelathini na mbili, akaigeuza upande wa nyuma ambako kulikuwa na kalamu nyekundu yangu.

"Mwalimu, nataka la nne."

Bwana Mugendi akadhani hakuelewa, akamweleza tena. Mwendwa akamwacha amalize, kisha akaweka kidole kwenye hesabu alizokosa. Hii ni ya desimali, akasema. Hii ni ya sehemu. Hizi hajawahi kuziona. Darasa la pili alilipita hivyo hivyo, nusu hapa, nusu kule.

"Ukiingia la nne utamaliza la nane ukiwa na miaka kumi na saba," Bwana Mugendi akamwambia.

"Mama ana thelathini na minane na hajamaliza."

Mama yake akacheka kwanza, ndipo sisi. Bwana Mugendi akanitazama mimi, kwa kuwa pendekezo la kumrusha lilikuwa langu. Nilikuwa na maneno tayari ya kumshawishi. Nilitazama kidole chake juu ya karatasi, nikayameza. Nikasema amefikiri vizuri kuliko mimi.

Bwana Mugendi akaichukua kalamu na kuandika: Septemba, darasa la nne. Mwendwa alisubiri wino ukauke, akaomba aende na karatasi nyumbani. Alitaka kuanza na zile kumi na nane alizokosa.